Kinyaa cha Bi Kheiria

Bi Kheiria alikuwa na kinyaa. Na sisemi kinyaa hiki cha mimi na wewe, cha kumwona nzi kwenye chai ukaimwaga ukatia nyingine. Aka! Yeye akimwona nzi kwenye chai, chai haitaki, kikombe hakitaki, na nyumba yenyewe hatii mguu tena. Wenzake wote wa Azaiba, huku Muscat, waliotoka Unguja wakimjua kwa hilo. Akialikwa huenda, tena amejipamba na kujifukiza udi, lakini mkobani mwake mna kikombe chake, kijiko chake, na hanchifu nyeupe aliyoitarizi mwenyewe herufi ya jina lake kwa uzi wa kijani. Kwa hanchifu ile atapangusa kiti kabla hajakaa, atapangusa ukingo wa sahani, kisha atasema, "Mie nimeshiba, shoga, nimekula kwangu," na huku tumbo linamnguruma mpaka aliyekaa naye anasikia.

Mumewe, Bwana Suud, alikwisha zoea. Mtu mpole, hana makuu, anakula anachopewa na kumshukuru Mola. Asiyezoea ni mwana wao wa pekee, Aflah, injinia, miaka thelathini na ushei, na wala simlaumu. Kinyaa hicho hicho ndicho kilichomvunjia posa yake ya kwanza.

Siku hiyo walikwenda Qantab, kwa watu wema kabisa, kumtazama binti yao Bashayer. Wakapakuliwa wali na samaki. Bi Kheiria akainuka kwenda kuchungulia jikoni, nani kamtuma mimi sijui, akamwona shangazi wa binti anaonja mchuzi kiganjani, anakilamba kiganja, na mkono ule ule unashika kipande cha samaki kukiweka sahanini. Basi! Akarudi kukaa, akaisukuma sahani kwa kidole kimoja, akasema ana kiungulia. Wenyeji wakatazamana. Kwetu watu wakija kumtazama mchumba kisha wakakataa kula, hakuna haja ya neno jingine, wamekwisha sema. Bashayer akaolewa na binamu yake, na Aflah hakumgombeza mama yake wala hakuzungumza tena habari za kuoa.

Mpaka mwaka 2003, Ramadhani inaelekea ukingoni, ndipo alipomfuata mama yake jikoni akamwambia amempata mwengine. Anaitwa Atheer. Daktari.

"Mashallah!" akasema Bi Kheiria, mwiko mkononi. "Daktari wa nini?"

"Wa meno, mama."

Bi Kheiria akafumba macho. Mikono inayoshinda kutwa ndani ya midomo ya watu, kwenye mate na meno yaliyooza, halafu jioni irudi nyumbani imkandie mwanawe chapati! "Anavaa glavu lakini?"

"Anavaa."

"Na kwao wapi?"

"Qurum."

"Sikuulizi nyumba. Nnakuuliza wametoka wapi."

Aflah akavuta pumzi. "Bukoba."

Ebo! Bara! Bi Kheiria hajapata kufika bara hata siku moja, lakini akilijua vizuri sana, kama anavyolijua kila mtu asiyewahi kufika. Kwa akili yake Mwarabu aliyekulia Unguja ni mtu na nusu, na Mwarabu aliyekulia bara ni ndugu yetu katika dini, ila chakula chake usikiulize. Uso wake ukajikunja kama aliyetiwa ndimu jichoni. Aflah akaona, akaushika ule mkono wenye mwiko.

"Mama, nakuomba jambo moja tu. Siku tutakayokwenda kwao, kula. Sikwambii upende. Kula tu, wakuone. Usipokula katika nyumba ile, mimi sioi tena, wallahi, na usije ukaniuliza habari za wajukuu."

Jamani, hilo la wajukuu lilimpata pabaya. Alikuwa na kabati zima la vijinguo vya kitoto alivyofuma mwenyewe, vinasubiri. Akaahidi.

Haukupita muda, simu ikalia. Ni Bi Mastura, mama yake Atheer, sauti yake kubwa na ya furaha, Kiswahili cha bara kilichonyooka. Akaeleza kwamba mumewe, Marhoon, alisoma Amerika na wote wakakaa naye huko miaka, watoto wakazoea sikukuu ya kule ya mwezi wa Novemba, ya kukaa familia nzima na kumshukuru Mungu kwa chakula. Waliporudi Muscat hawakuiacha. Mwaka huu imeangukia ndani ya siku za Idi, wameona waziunganishe. "Na ninyi ndio wageni wetu, Bi Kheiria. Karibuni sana."

"Ahsante, mwanangu. Na mnapika nini kwenye hiyo shukrani yenu?"

Afadhali asingeuliza. Bi Mastura akaanza, na Bi Kheiria akasimama na simu sikioni, mkono mwengine umeshika kifua.

"Bata mzinga mzima, bibi, mkubwa! Tunamsokomeza mkate tumboni."

"Mkate? Tumboni? Pale pale palipotolewa matumbo?"

"Si tunaosha! Mkate unachanganywa na kitunguu na majani, unaivia humo humo ndani, unanyonya ile juisi yake."

"Juisi yake," akasema Bi Kheiria.

"Halafu tunamla kwa jamu. Nyekundu, ya matunda, tamu na kali. Na viazi vitamu vilivyopondwa, juu yake tunatandaza peremende nyeupe zile laini, zinayeyuka ndani ya oveni zinavutika hivi. Na pai la boga na mdalasini. Atheer ndiye mpishi wa pai."

Nyama kwa jamu! Peremende juu ya viazi, zinavutika kama makamasi! Bi Kheiria alikuwa amekwisha kaa chini. Alikuwa anatafuta ugonjwa wa kujisingizia, presha au goti, liwalo na liwe, ndipo Bi Mastura aliposema neno lililomfufua.

"Na desturi yetu, kila mgeni analeta chakula chake cha sikukuu, kile akipendacho kuliko vyote, anatuhadithia habari zake, tunakula pamoja. Wewe utatuletea nini?"

Bi Kheiria akainuka pale pale. Kuleta chakula chake! Basi si atakula chakula chake? Ataketi mezani kwao, atakula mbele ya macho yao, ashibe na acheue, na kisicho chake hakitagusa ulimi wake. Aflah kataka aonekane anakula, ataonekana. "Bokoboko," akasema, sauti imemrudi. "Bokoboko la kuku. Idi bila bokoboko kwetu si Idi."

"Sijawahi kulila! Ni nini?"

"Utaliona," akasema Bi Kheiria, akamhurumia.

Siku yenyewe alianza baada ya sala ya alfajiri. Ngano aliichagua punje punje, kuku alimwosha kwa ndimu, kwa chumvi, kwa siki, mpaka nyama ikawa haina harufu ya kuku wala ya kitu chochote. Alisonga mwenyewe, jasho linamtoka, msichana wa kazi hakuruhusiwa hata kusogea. Bwana Suud alipopita kutaka kuonja alifukuzwa. Bokoboko likaja likavutika, laini, jeupe, akalimimina katika bakuli lake la udongo mzuri, lenye maua ya samawati na kifuniko chake, bakuli la mama yake. Akalimwagia samli na vitunguu vya kukaanga, akakaa akalitazama kwa raha.

"Kheiria," akasema Bwana Suud ndani ya gari, Aflah anaendesha. "Bakuli hilo ni la watu wote, au lako peke yako?"

"La watu wote."

"Nauliza tu, naona umelipakata kama mtoto."

Aflah hakucheka. Alimtazama mama yake kwenye kioo mpaka walipofika Qurum, na mama yake akatazama nje.

Nyumba ya akina Mastura, kusema kweli, ilikuwa safi. Hilo lilimuudhi. Alipangusa kiti kwa hanchifu, kwa chini chini, hanchifu ikatoka nyeupe vile vile. Akapangusa ukingo wa meza, nyeupe. Akabakia na hanchifu yake hana pa kuipeleka. Wanaume wakaingia majlisi, mlango wa pili, na wanawake wakabaki kwenye meza kubwa: Bi Mastura, mnene mwenye kucheka, Atheer, binti mrefu, mkimya, kucha fupi kama za mwanamume, na bibi yake Atheer, mzaa mama, Bibi Masouda, ajuza mdogo kama ndege, macho yana ukungu, kajifunga khanga mbili juu ya kanzu.

Atheer aliona ile hanchifu inavyozunguka ukingo wa sahani. Aliona, maana aliinuka, akaichukua sahani, akarudi na nyengine ingali ina moto wa maji. "Nimekusuuzia, mama," akasema taratibu, akaiweka. Bi Kheiria akaona haya kidogo, kidogo tu, kisha akaletwa bata.

Ya rabbi! Lilikuwa lidude. Limelala chali, miguu juu, limeng'aa kwa mafuta kama mtu aliyetoka kukandwa, na huko nyuma, pale pale alipopafikiria kwenye simu, mkate umefura unachungulia nje, umelowa, rangi ya matope. Bi Mastura akaingiza kijiko humo. Kikalia chwaa! Akakitoa kimejaa, akamjazia Bi Kheiria sahani, akamkatia paja, akamwagia jamu, na ile jamu ikateremka juu ya nyama nyekundu kama kidonda kilichotoneshwa. Kisha viazi na zile peremende, uzi mrefu mweupe ukavutika kutoka chomboni hadi sahanini, haukatiki, mpaka Bi Mastura akaukata kwa kidole. Na kidole akakilamba.

Bi Kheiria alihisi kifungua kinywa chake kinapanda. Akakumbuka kabati la vijinguo, akakirudisha chini.

"Sasa hadithi za vyakula!" akasema Bi Mastura. "Mgeni kwanza."

Hapo Bi Kheiria akafungua bakuli lake na roho ikamtulia. Akawahadithia Idi za Unguja, mama yake anavyosonga bokoboko tangu usiku wa kuamkia Idi, nyumba nzima haina usingizi kwa harufu ya samli. Alisema vizuri, tena kwa kweli, mpaka Atheer akaweka mkono shavuni kumsikiliza. Bibi Masouda akasogeza pua yake bakulini.

"Na hiki ndicho chenyewe? Mbona kama uji umetapikwa?"

"Mama!" akapiga kelele Bi Mastura.

"Nauliza, nikiuliza ni kosa?" Akachota kijiko kizima, akatia mdomoni, akatafuna kwa ufizi, na uso wake wote ukafunguka. "Loo! Mwanangu, kitamu! Nipe tena." Akapewa, akala, akalamba kijiko mbele na nyuma.

Kama uji umetapikwa! Bokoboko la mama yake! Lakini Bi Kheiria alimeza hasira zake, kwa sababu mpango ulikuwa unakwenda. Alijipakulia bokoboko juu ya ule uchafu wa sahanini, akalitandaza, akaufunika mkate, akaufunika na uzi wa peremende, akala kwa kijiko chake kutoka juu juu, kama anayevuka dimbwi kwa kukanyaga mawe. Bi Mastura alimwona anakula, akafurahi. Bakuli likapelekwa majlisini kwa wanaume, likarudi limekwanguliwa jeupe. Bi Kheiria akajisemea moyoni, khalas, nimeshinda, mwanangu ataoa.

Ndipo Bibi Masouda aliposema, "Na mimi je? Hamnipi zamu yangu?"

Akatoa chini ya khanga yake kopo la plastiki lenye kifuniko, akaanza kulifungua kwa vidole vyake vinavyotetemeka, na huku anahadithia. Kwamba huko Bukoba mwezi wa Novemba ukifika, mvua inanyesha, asubuhi unaamka unakuta senene wameanguka uani, juu ya nyasi, juu ya mapaa, kila mtu anatoka na kikapu, watoto hawaendi shule. Kwamba huyu mtu wa sikukuu ya Amerika anamshukuru Mungu kwa bata, sawa, lakini yeye anamshukuru kwa senene, kwa sababu chakula kinachoanguka chenyewe kutoka mbinguni hakuna wa kukishukuru isipokuwa Yeye. Na kwamba mpwa wake kaja juzi kwa ndege, kamletea wabichi kwenye barafu.

Kopo likafunguka. Panzi.

Panzi, wallahi! Wamekaangwa, wamejazana, macho wanayo, vichwa wanavyo, matumbo yao yana pingili pingili yanang'aa kwa mafuta. Ngozi ya Bi Kheiria ikamsisimka kutoka kisogoni hadi nyayoni. Sahani yao moja ikapelekwa majlisini, na kutoka huko ikasikika sauti ya Bwana Suud, mumewe wa ndoa, baba wa mtoto wake, inacheka kwa raha ambayo hajaisikia siku nyingi: "Jarad! Hawa si jarad, nzige wa kwetu? Wallahi tangu utotoni kwetu Ibra sijaonja! Lete hapa!"

Bi Kheiria akashika meza. Alikuwa anajua kuwa mumewe kazaliwa Ibra, huku huku Omani, na kupelekwa Unguja akiwa mtoto. Hakuwa anajua alichokuwa anakula huko. Miaka yote hiyo, kwa mdomo ule ule!

"Hawa nimewachambua mwenyewe," Bibi Masouda alikuwa anasema, kasogea na kiti chake mpaka karibu. "Bawa moja moja, mguu mmoja mmoja. Macho hayaoni, lakini vidole vinajua. Niliambiwa mama wa kijana wetu ni mtu wa usafi, nikasema msichana wa kazi asiwaguse. Nimeosha mikono mpaka imechubuka." Akamchagua mmoja mnene, akamnyanyua. "Sasa fungua mdomo, mwanangu. Kwetu mgeni wa kwanza analishwa."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ajuza yuko mbele yako, mkono uko hewani unatetemeka, Bi Mastura anatabasamu, Atheer anakutazama, hatabasamu. Na mwanao yuko chumba cha pili. Bi Kheiria akafungua mdomo.

Senene akatua ulimini. Akalia kra! mara moja tu, na kitu fulani laini, cha mafuta, kikatoka ndani yake kikatawanyika. Macho yakamtoka machozi. "Tamu?" akauliza Bibi Masouda, uso umemkaribia kabisa. Bi Kheiria, midomo kaibana, akaitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. "Tamu! Si nilisema!" Ajuza akapiga makofi, akamgeukia binti yake kumwambia, na wote wakageuka kumsikiliza. Bi Kheiria akapeleka hanchifu mdomoni kama anayejipangusa, akatema kila kitu, senene na mate na bokoboko la mwisho, akaikunja haraka haraka.

"Tamu, mashallah," akasema. "Sijapata kula kitu kama hiki."

Sasa sikilizeni mambo haya. Mtu mwengine yeyote angelitia hanchifu ile mkobani, yakesha. Lakini mkobani mna kikombe chake, mna kijiko chake, na bitana yake ni nyeupe. Panzi aliyetafunwa akae pamoja na kikombe chake? Hata! Mkono ulifika kwenye mkoba ukakataa kuingia. Chini ya mto? Ataonekana. Mbele yake bakuli lake tupu, kifuniko chake pembeni. Akaitumbukiza humo, akafunika. Nikifika nyumbani, akajisemea, nitaitupa pipani hanchifu na vilivyomo, na bakuli nitaliosha kwa majivu.

Wakakaa, wakanywa kahawa, pai la boga likaja, akasema kashiba, na safari hii kila mtu akamwamini. Aflah alipochungulia mlangoni kusema baba yuko tayari, Bi Mastura akamwambia kwa sauti, "Aflah, mama yako kala senene!" na yule kijana akamtazama mama yake kwa jicho ambalo Bi Kheiria hakuwa kaliona tangu alipokuwa mtoto. Aliacha adabu zote, akaja akambusu kichwa mbele za watu.

Bi Kheiria akainuka, akalipakata bakuli lake.

"Hapana, hapana!" akasema Bi Mastura, akalishika upande wa pili. "Bakuli halitoki hapa tupu! Unataka kutuaibisha? Tutalirudisha lina kitu ndani."

"Hapana, mwanangu, wacha tu, nna haja nalo."

"Haja gani siku za Idi? Lete!"

"La mama yangu hili! Nnaogopa litavunjika!"

"Atalibeba Aflah mwenyewe kesho kutwa."

Wakawa wanavutana mlangoni, huyu kwa kucheka na huyu kwa roho kumtoka, kifuniko kinalia kwachu kwachu. Bi Kheiria angelivuta zaidi kidogo kifuniko kingeruka. Akaliachia. Njia nzima Aflah alikuwa anaimba.

Siku zilizofuata alijiliwaza kwa kila hila. Msichana wa kazi ndiye atakayelifungua, wasichana wa kazi hawaulizi. Au wataliosha bila kutazama. Au watadhani ni kitambaa tu. Na wakati huo huo kinyaa hakikumwacha: akipiga mswaki ulimi unakumbuka ile kra, akimwona Bwana Suud anatafuna anahama kiti. "Mwanamke wee," akasema Bwana Suud siku ya pili, "Mtume katuruhusu." Akajibiwa kuwa karuhusu, hakulazimisha.

Aflah alirudi nalo alasiri. Bi Kheiria alikuwa jikoni, chai ya maziwa imo mekoni, harufu ya hiliki imejaa. Aliliweka juu ya meza polepole. Lilitua kwa sauti ya kitu kisicho na kitu.

"Bakuli lako."

Bi Kheiria akafunua. Limeoshwa, linang'aa. Ndani yake, katikati, mna hanchifu yake. Imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa pembe nne na ile herufi ya kijani juu, na inanukia udi. Hamna kitu kingine. Hamna halua, hamna sukari, hamna hata tende moja.

"Nani kaifua?" Ndilo neno pekee lililomjia.

"Atheer. Kwa mkono wake."

"Na nani..."

"Bibi yake. Yeye ndiye aliyelifungua." Aflah alikuwa hapazi sauti, na ingekuwa afadhali apaze. "Alikaa siku nzima anachambua senene wengine, mama. Ulimwambia hujapata kula kitu kama kile. Alitaka kukujazia bakuli. Akatia mkono ndani kwa kuwa haoni, akadhani ni kitambaa tulichosahau, akakikunjua. Vidole vyake vikajua."

Bi Kheiria akakaa.

"Aliosha mikono, akaenda kulala. Kopo lake kalitoa akampa msichana wa kazi, kasema hawataki tena."

"Na Atheer?"

"Atheer kasema mate ya watu ndiyo kazi yake, haoni kinyaa kuyafua. Lakini haolewi katika nyumba ambayo bibi yake akija kumtembelea, kiti chake kitapanguswa akishaondoka."

"Wanakula panzi, Aflah!" Neno lilimtoka lenyewe, kwa ukali, kwa kilio. "Panzi, mwanangu! Wana macho!"

"Mimi nimewala. Baba kawala. Walikuwa watamu." Akavuta kiti, akakaa mbele yake, kachoka kama mtu aliyetoka safari. "Hukuwa na haja ya kusema uongo, mama. Ungesema huwezi, yule bibi angecheka tu. Aliliita bokoboko lako matapishi na akaomba tena."

Bi Kheiria akageukia meko. Akafanya alilolijua. Akainuka, akaepua chai, akachukua kikombe kabatini, kikombe safi ambacho mwenyewe kakiosha asubuhi ile, akakiweka mbele ya mwanawe. Akainamisha birika amtilie.

Aflah akaweka kiganja juu ya kikombe. Akakichungulia ndani. Akakinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza huku na huku, uso kaukunja kidogo tu puani. Kisha akatoa ile hanchifu ndani ya bakuli, akaikunjua, akapangusa ukingo wa kikombe, taratibu, mzunguko mzima, bila kumwondolea macho mama yake. Akakirudisha mezani, akaiweka hanchifu kando.

"Haya," akasema. "Tia."

Bi Kheiria alisimama na birika mkononi. Katika umri wake wote hakuna mtu aliyepata kukipangusa kikombe chake, na alihisi uso unamwaka moto mpaka masikioni, kama aliyezabwa kofi mbele za watu. Akatia, nyengine ikamwagika mezani. Aflah akasema ahsante, akasema ameshiba, amekula huko huko, akaenda zake chumbani. Chai ikabaki pale mpaka ikafanya utando, na Bi Kheiria, ambaye maisha yake yote hakuweza hata kuutazama utando wa maziwa, alikaa akaitazama.